Basi la abiria halikutokana na "basi, inatosha"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze habari za neno moja ambalo sote hulitamka kila siku, na ambalo wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu alilifafanua katika ukurasa huu kwa namna ambayo, kwa heshima zote, si sahihi. Msomaji huyo aliandika kwamba neno basi, kwa maana ya gari kubwa la abiria, limezaliwa na lile basi letu la kukatizia maneno, yaani inatosha, kwa kuwa hapo zamani gari lilipojaa kondakta alipiga ubavu wake kwa kiganja akasema "basi!", nalo likaondoka. Maelezo hayo yanapendeza masikioni na yanasimulika kwa urahisi, na hiyo ndiyo sababu ya hofu yangu, kwamba yatakaa vichwani mwa wanafunzi na siku moja yataandikwa kwenye karatasi ya mtihani kama ukweli. Nimefundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31, nami swali hili nimeulizwa mara nyingi, kwa hiyo naona ni wajibu wangu kulijibu kwa kirefu.

Hapa tuna maneno mawili yaliyokutana sauti tu. La kwanza, basi la kusema inatosha, asili yake ni Kiajemi, na lilisafiri pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi hata likawa mali ya kila bandari: Mwarabu wa Ghuba husema bas, Mhindi husema bas, nasi tukaongeza irabu mwishoni kama ilivyo desturi yetu. Wamisionari waliokusanya maneno ya Kiswahili katika karne ya 19 walilikuta tayari likitumika pwani, wakati ambapo hapakuwa na gari la abiria lenye mota mahali popote katika Afrika Mashariki. Neno hili halina ngeli wala wingi, kwa maana hakuna mtu anayesema basi moja na mabasi mawili akikusudia kwamba imetosha mara mbili. La pili, basi la kupanda, lina ngeli yake na wingi wake, basi hili na mabasi haya, nalo lilitufikia kutoka Kiingereza pamoja na chombo chenyewe.

Anayetaka ushahidi zaidi na asikilize sauti. Irabu ya Kiingereza iliyomo katika neno bus sisi huigeuza kuwa a, kama tulivyofanya katika brashi, jagi, plagi na balbu, na neno la kigeni linapoishia kwa s tunalipa i ya kuegemea, kama katika nesi, gesi na ofisi. Kwa kanuni hizo mbili, bus haikuweza kuwa kitu kingine ila basi. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi, ambao waliipata gari hiyo kwa jina la Kifaransa, ambamo irabu ile hutamkwa kwa midomo iliyochongoka na karibu sana na i, wao husema bisi. Kama jina la gari lingekuwa limetokana na kusema inatosha, bisi ya Kigali isingekuwa na maelezo. Napenda pia kuongeza kwamba sadfa hii haikutupata peke yetu, kwani katika Kihindi nako neno la inatosha na neno la gari la abiria huandikwa kwa herufi zile zile na kutamkwa vile vile, na Wahindi hawajapata kudai kwamba moja limelizaa jingine.

Sasa Kiingereza chenyewe kililitoa wapi? Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni neno OMNIBUS kwa herufi kubwa, kisha nachukua dasta na kuzifuta taratibu herufi nne za mwanzo huku wanafunzi wakitazama, na zinazobaki ni BUS. Hapo nawauliza, tumefuta nini na tumebakiza nini? Wengi husema tumefuta mwanzo wa neno tukabakiza mwisho wake, na wanasema kweli, ila somo liko ndani zaidi. Omnibus ni neno la Kilatini. Katika Kilatini, kazi ya neno ndani ya sentensi huonyeshwa na mwisho wake, kama sisi tunavyoongeza -ni kwenye nyumba tukapata nyumbani bila kuhitaji neno la pembeni. Omnes ni wote, na omnibus ni kwa wote, au kwa ajili ya wote. Maana ya "wote" imekaa katika zile herufi nne za mwanzo, na kile kipande -bus hakina maana ya kusimama peke yake, bali ni mwisho wa kisarufi unaofanya kazi ya kwetu ya "kwa". Kwa hiyo Waingereza walipolikata neno walimwacha "wote" njiani wakaondoka na "kwa". Ni sawa na sisi tungekuwa na gari liitwalo Kwa Wote, kisha kwa haraka ya mazungumzo tukawa tunasema "nimepanda Kwa", hata wajukuu wetu wakaandika Kwa moja na Makwa mawili bila kujua kwamba kuna neno lililopotea.

Sisi tunapofupisha maneno kwa kawaida hushika mwanzo, kama tunavyosema konda badala ya kondakta. Waingereza nao mara nyingi hushika mwanzo, lakini wana fungu la maneno waliyoyashika mkia, ambamo limo jina lao la simu (phone), jina lao la ndege (plane), na hili la basi. Ufupisho huu ulikwisha kuandikwa katika miaka ya 1830, na kwa muda mrefu watu waangalifu waliweka alama ya kudondosha herufi mbele ya b ili kukiri kwamba kuna kitu kimeondolewa. Alama hiyo nayo ikafutika. Wanafunzi wangu wengine walidhani kwamba bus ni ndugu wa neno la Kiingereza la biashara (business) au la kushughulika (busy), kwa sababu yote matatu huanza kwa herufi zile zile. Undugu huo haupo, kwa kuwa hayo mawili yametoka katika Kiingereza cha kale, na bus imetoka katika mkia wa neno la Kilatini.

Aliyelifanya neno hilo kuwa jina la gari ni Mfaransa, Stanislas Baudry, katika mji wa Nantes, mwaka 1826. Baudry alikuwa na nyumba za kuogea maji ya moto pembezoni mwa mji, akaweka magari ya farasi ya kuwachukua wateja kutoka katikati ya mji na kuwarudisha. Baada ya muda aligundua kwamba wengi wa waliopanda hawakuwa na haja ya kuoga, bali walishuka njiani penye shughuli zao, na kwamba biashara yake ya kweli ilikuwa magari yenyewe. Husimuliwa kwamba jina alilipata kutoka kwenye kibao cha duka la muuza kofia aliyeitwa Omnès, aliyekuwa amecheza na jina lake kwa kuandika Omnes Omnibus. Mimi siiegemei hadithi hiyo, wala haihitajiki, kwa sababu kila Mfaransa aliyepita shuleni wakati ule alikijua Kilatini cha kutosha kusoma omnibus na kuelewa. Mwaka 1828 Baudry aliuhamishia mradi wake Paris, na mwaka uliofuata, tarehe 4 Julai 1829, George Shillibeer, fundi wa magari ya farasi aliyekuwa amefanya kazi Paris, alilizindua London gari la kwanza la aina hiyo, lenye farasi watatu na nafasi za abiria 22, kutoka mtaa wa Paddington hadi eneo liitwalo Bank. Ubavuni liliandikwa neno lile moja, OMNIBUS. Nauli ya safari nzima ilikuwa shilingi moja, fedha ambayo kibarua wa London wakati ule hakuwa na uwezo wa kuitoa kila asubuhi.

Jambo hilo la nauli nitalirudia, lakini kwanza nirudi nyuma zaidi, kwa kuwa wazo la gari la njia maalumu linalopita kwa ratiba na kumchukua yeyote mwenye nauli lilitangulia jina lake kwa zaidi ya miaka 160. Mwaka 1662, huko Paris, mwanahisabati Blaise Pascal na wenzake walianzisha magari yaliyojulikana kwa nauli yake, yaani magari ya soli tano, soli ikiwa sarafu ndogo ya Ufaransa ya zama hizo. Kila gari lilikuwa na njia yake, liliondoka kwa saa zilizopangwa hata kama halijajaa, na abiria alilipia nafasi yake tu. Kwa maneno mengine, kila kitu tunachokiita huduma ya mabasi kilikuwamo. Ila Bunge la Paris, ambalo siku hizo lilikuwa mahakama kuu, liliidhinisha mradi kwa sharti kwamba askari, watumishi wa majumbani wenye sare na vibarua wasipande, ili wenye hadhi wasibughudhiwe. Pascal alifariki dunia mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na magari yake yalififia baada ya miaka kumi na kitu. Gari lilikuwapo, na jina la kwa wote lilikuwa bado.

Nimesema kwamba Waingereza walilikata neno, lakini lile zima hawakulitupa, na hapo ndipo matumizi yake yanapokuwa mengi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Wanasheria wetu, kwa kuwa mahakama za Tanzania na Kenya zilirithi mkondo wa sheria ya Uingereza, wanamjua yule mtu wa kwenye omnibus ya Clapham. Clapham ni mtaa wa kusini mwa London, na mtu huyo ni abiria wa kawaida asiye na jina, mwenye akili timamu na busara ya wastani, ambaye majaji wa Uingereza tangu mwanzo wa karne ya 20 wamemfanya kipimo: je, mtu wa namna hiyo angetenda kama mshtakiwa alivyotenda? Naliona hilo kuwa heshima kubwa kwa abiria, kwamba sheria ilipotafuta mtu wa kusimama badala ya sisi sote haikumchukua bwana mwenye farasi wake, ilimchukua aliyelipa nauli akakaa na wenzake. Bungeni nako, muswada mmoja unaorekebisha sheria nyingi kwa pamoja, ule tunaouita wa marekebisho ya sheria mbalimbali, wanasheria humwambia mtu kwa Kiingereza kuwa ni omnibus, na kitabu kimoja kilichokusanya riwaya kadhaa za mwandishi mmoja huitwa hivyo hivyo.

Kile kipande kilichobaki nacho kimezaa. Neno likishakuwa bus, wengine walilichukua kama kiambishi cha kutundikia mbele neno lolote, wakapata minibus, wakapata trolleybus, na katika karne ya 20 wakapata airbus, yaani ndege ya kuchukua watu wengi kama basi, jina ambalo leo ni la kampuni kubwa ya Ulaya ya kutengeneza ndege. Kwa sarufi ya Kilatini hayo yote ni makosa, sawa na kuchukua -ni ya nyumbani na kuitundika kwenye chochote ukitumaini kwamba itabeba maana ya nyumba. Lakini lugha haikuomba ruhusa ya wanasarufi wa Roma, na maneno hayo sasa ni halali. Katika hoteli na migahawa ya Marekani, ambako vijana wetu wengi wameanzia maisha, anayekusanya vyombo mezani na kumsaidia kila mhudumu huitwa busboy, na asili yake ni ile ile, msaidizi wa kazi zote.

Mwaka jana fundi umeme alifungua sanduku la swichi nyumbani kwangu ili abadilishe swichi moja iliyoungua. Nyuma ya zile swichi ndogo palikuwa na kipande bapa cha shaba, kirefu kama rula ya shule, kilichopita chini ya swichi zote, na kila moja ilikuwa imeng'ata hapo kupata umeme wake. Nilimuuliza kinaitwaje, akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni busbar. Jina hilo limefupishwa kutoka omnibus bar, kipande cha shaba cha wote, kwa kuwa hakuna swichi yenye njia yake ya pekee ya kwenda kwenye mita, zote hunywa kwenye mto mmoja. Wahandisi wa kompyuta walipohitaji jina la njia moja ya kupitishia data ambayo vifaa vyote vya ndani ya mashine huitumia kwa zamu, waliliazima hilo la mafundi umeme. Kwa hiyo herufi ya mwisho ya USB, zile herufi tatu zilizopo kwenye waya wa kuchajia simu katika nyumba zetu karibu zote, ni B ya bus. Mtoto anayechomeka simu usiku ameshika mkononi kipande cha neno lile lile atakalolipanda asubuhi.

Hapa naomba niwakumbushe pia wafasiri wa magazeti yetu jambo dogo. Mwingereza hutofautisha basi la mjini, ambalo ndilo bus, na basi la safari ndefu, ambalo yeye huliita coach, jina lililotokana na kijiji cha Kocs nchini Hungaria kilichosifika katika karne ya 15 kwa magari yake ya farasi. Basi letu la mikoani kwa Mwingereza ni coach. Na neno hilo hilo ndilo lililotupa kocha wa mpira, kwa sababu wanafunzi wa Oxford katika karne ya 19 walimwita hivyo mwalimu wa pembeni aliyewabeba hadi ng'ambo ya mtihani, kama gari linavyombeba abiria. Kwa hiyo kocha wa timu, kwa asili ya neno, naye ni chombo cha usafiri.

Nirudi kwa "wote", kwa sababu hilo ndilo neno lililofutwa na ndilo linaloniuma. Jina lilipoandikwa ubavuni mwa gari lilikuwa ahadi, na historia ya mabasi kwa sehemu kubwa ni historia ya kudai ahadi hiyo. Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, Rosa Parks alikataa kuinuka kwenye kiti chake cha basi ili kumpisha Mzungu, akakamatwa. Watu weusi wa mji ule waliacha kupanda mabasi kwa siku 381, wakitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, mpaka uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani uliopiga marufuku ubaguzi huo ukaanza kutekelezwa. Miaka minane baada ya Parks kukamatwa, katika mji wa Bristol nchini Uingereza, kampuni ya mabasi ilikuwa ikikataa kuajiri madereva na makondakta weusi na wa asili ya Asia, na watu wakasusia mabasi yake kwa miezi minne hadi ilipobadili msimamo tarehe 28 Agosti 1963. Kampuni hiyo iliitwa Bristol Omnibus Company. Neno zima lilikuwamo katika jina lake, halijakatwa hata herufi moja, na bado halikusomwa.

Afrika Mashariki tulipoyapa majina magari yetu wenyewe hatukutaja watu, tulitaja fedha. Matatu ya Nairobi ilipata jina kutokana na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Daladala ya Dar es Salaam ilipata jina katika miaka ya 1980 kutokana na dala, jina la mtaani la shilingi tano, ambayo nayo imetoka kwenye dola. Nauli hizo zimekwisha kupita zamani na majina yamebaki. Wala sisi si wa kwanza, kwani magari ya Pascal nayo yaliitwa kwa nauli yake. Siyalaumu majina hayo, nayapenda, na ni ushahidi kwamba watu wetu wana kipaji cha kuita kitu kwa jina. Hata hivyo sioni kuwa ni jambo dogo kwamba jina moja linamtazama abiria na jingine linaitazama sarafu iliyo mkononi mwake, kwa sababu mwezi uliopita nilishuhudia jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Ilikuwa saa 12 na nusu asubuhi katika kituo cha karibu na kwangu, hapa Morogoro. Walikuwapo wanafunzi saba wa sekondari, baadhi yao nawafahamu, wakaniamkia. Mmoja wao, binti wa kidato cha kwanza, alikuwa amefumbata sarafu ya shilingi 200, nauli ya mwanafunzi, kwa nguvu kiasi kwamba alipofungua kiganja alama ya duara ilikuwa imebaki hapo. Gari lilisimama. Kondakta aliweka mkono kwenye mlango, akawapitisha wanafunzi wawili, kisha akaukaza. "Basi, basi, wanafunzi wametosha! Mzee wangu, pita wewe." Nilichungulia kupitia dirishani nikahesabu viti vinne vitupu upande wa nyuma. Nikamwambia, "Kijana, mbona nafasi zipo?" Akanijibu, wala si kwa jeuri, "Mzee, hao watapata jingine." Akapiga bati kwa kiganja, gari likaondoka na viti vyake vinne. Sikupanda. Yule binti akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la swali la siku nyingi, "Mwalimu, kumbe ndiyo maana linaitwa basi. Tulisomewa shuleni, imo gazetini."

Ndugu Mhariri, mtoto yule hakukosea kufikiri. Kila asubuhi analisikia neno hilo mara mbili mahali pamoja, gari na katazo, na amepewa maelezo na gazeti analoliamini yanayounganisha hayo mawili. Mimi nimeishi na maana ya kweli ya neno hili kwa miaka mingi, na iliniumiza kuona kwamba jina lililobuniwa kusema "kwa ajili ya wote" limemfikia yeye likiwa na maana ya "nyie wengine imetosha". Nilimwomba daftari lake, nikaandika nyuma OMNIBUS kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini ya herufi nne za mwanzo na kuandika pembeni yake "wote". Alilisoma mara tatu kwa silabi. Dakika ishirini baadaye lilikuja gari jingine, likawachukua watano wote, na walifika shuleni kipindi cha kwanza kikiwa kimeanza.

Ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa watunzi wa kamusi zetu, TATAKI na BAKITA, ambao kazi yao naiheshimu na nimeitumia maisha yangu yote ya kazi: panapotajwa kwamba basi la abiria limetoka Kiingereza, paongezwe mstari mmoja tu unaofika hadi omnibus na maana yake, kwa sababu kukomea kwa lugha iliyotukopesha ni kumwacha msomaji kwenye kituo cha katikati. Nafasi inayohitajika ni maneno yasiyozidi kumi, na faida yake ni kwamba mwalimu wa kijijini asiye na vitabu vingine atakuwa na jibu mkononi.

La pili ni kwako. Naomba masahihisho haya yachapishwe katika ukurasa huu huu wa barua, hata kama itabidi kuyafupisha, wala si katika ukurasa mwingine, kwa kuwa shule ya binti yule hukata ukurasa wa barua kila wiki na kuubandika kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa maktaba. Nilipita pale Ijumaa. Barua ile ya kwanza bado imebandikwa, na mtu amepiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya neno "basi".

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro